Mbuta Kwao ni Wapi?

Kisegi ukisema umekula samaki, mtu atakuuliza: samaki gani? Huko kwetu, pwani ya Gwassi upande wa Homa Bay, neno hilo peke yake halimalizi sentensi. Kuna ngege, kuna mumi, kuna kamongo, kuna omena anayeanikwa ufukweni mpaka kijiji kizima kinanukia. Kuna fulu, ambao wazee huwataja kama jirani aliyehama bila kuaga. Halafu kuna mbuta. Huyo hahitaji maelezo. Mbuta ndiye aliyeezeka nyumba kwa mabati, ndiye aliyelipa karo, na ndiye anayefanya gari la barafu literemke barabara mbovu mpaka majini.

Nilikua nikidhani mbuta ni wa ziwa letu kama vile vilima vya Gwassi ni vya Gwassi. Kumbe ni mgeni. Katika ziwa hili ana umri mdogo kuliko dani yangu, ambaye alikuwa ameshapika samaki miaka mingi kabla ya kumwona mbuta wa kwanza. Hata jina alikuja nalo: Wanyoro wa Ziwa Albert, Uganda, humwita emputa, na sisi tukalipokea jina pamoja na samaki mwenyewe.

Sasa kama hapa ni ugenini, kwao ni wapi? Ziwa Albert ni jibu moja. Jibu jingine liko ndani ya Kenya hii hii, mahali ambapo mtu wa Kisegi hawezi kupafikiria akisikia neno samaki: jangwani. Ziwa Turkana. Na ndiko nilikokwenda mwezi wa Julai, nikiwa na ndoano, mshipi, na kiburi kidogo cha mtu aliyezaliwa karibu na maji.

Nilichagua Julai kwa sababu ya baridi. Hebu nieleweke: baridi ya Turkana si ya Limuru. Alasiri ya Lodwar mwezi huo bado inaweza kupita nyuzi 30. Lakini Juni hadi Agosti ndiyo miezi ambayo jua hupunguza ukali kidogo, na mgeni anaweza kukaa kwenye mashua bila kukaangwa. Kutoka Lodwar unakwenda Kalokol, mchanga na mikoma pande zote, halafu ghafla unaliona: ziwa la rangi ya kijani kibichi, hakuna mafunjo marefu, hakuna magugu maji, na kando yake mbuzi wanakunywa maji ambayo ukiyaonja yana chumvichumvi na magadi, yanateleza mkononi kama sabuni. Mto Omo kutoka Ethiopia ndio unaolilisha kwa zaidi ya asilimia 80. Hakuna mto unaotoka. Maji huingia, na njia yao ya kutokea ni jua tu. Hili ndilo ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote ya jangwani duniani.

Nahodha niliyempata alikuwa Mturkana wa makamo. Aliposikia natoka Gwassi alicheka. "Nyinyi Wajaluo mnajua maji," akasema, "lakini upepo huu hamuujui." Nikamwambia mzee, upepo ni upepo. Hakujibu. Alinionyesha kwa kidole mashua zote zilizovutwa mchangani.

Kwetu upepo ni kama ratiba ya matatu. Alfajiri unatoka nchi kavu unakusukuma ziwani, alasiri unatoka ziwani unakurudisha nyumbani. Mvuvi wa Kisegi hupanga maisha yake juu ya safari hizo mbili. Turkana mambo ni mengine. Siku zote nilizokaa huko, upepo wa kusini-mashariki ulianza kupiga usiku, ukavuma mpaka katikati ya asubuhi, mawimbi yakawa meupe, halafu ukachoka. Kwa hiyo saa ambazo kwetu ni za kuwahi, kule ni za kungoja. Tulitoka karibu saa sita mchana, jua likiwa utosini, wakati ambao nyumbani ningeonekana mvivu au mwendawazimu.

Tulivua kwa mshipi wa mkono, chambo kikiwa ngege mdogo aliye hai. Nahodha hakuwa na haja ya kilindi cha katikati. Alitafuta mahali mwamba unaposhuka ghafla majini, upande ambao mawimbi ya asubuhi yalikuwa yamepiga. Maelezo yake yalikuwa mafupi: upepo husukuma vyakula, vyakula huwavuta wadogo, na mkubwa huja anapojua wadogo wapo. Mbuta haoti jua. Hujificha kivulini mwa jiwe, hungoja, hushambulia mara moja. Wa kwanza alipokamata, mshipi ulinikata kidole kabla sijajua ni nini. Tulimpata wa urefu wa mkono wangu, kijana tu kwa mbuta, maana hao hufika hata kilo 100. Nilimtazama. Fedha ile ile ya magamba, lile jicho linalong'aa kama la paka usiku. Samaki niliyemjua tangu utotoni, lakini kwa mara ya kwanza mgeni kati yetu wawili alikuwa mimi.

Mbuta amefikaje jangwani? Swali hilo lina jibu zuri. Kati ya takribani miaka 11,000 na 5,000 iliyopita, hapa hapakuwa jangwa. Mvua ilinyesha, ziwa lilisimama makumi ya mita juu ya kimo cha leo, likafurika upande wa kaskazini-magharibi mpaka maji yake yakaungana na bonde la Nile. Samaki wa Nile wakaingia. Mvua ilipokoma na nchi kukauka, mlango ukafungwa na wao wakabaki ndani. Kwa hiyo mbuta wa Turkana hakuletwa na mtu. Jangwa ndilo lililomkuta.

Na watu walimkuta mapema. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Lawrence Robbins alichimba mahali paitwapo Lothagam, kusini-magharibi mwa ziwa, akapata ncha nyingi za chusa zilizochongwa kwa mfupa pamoja na mabaki ya samaki, mbuta akiwemo. Hizo ni kazi za watu walioishi maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kuandika neno Kenya. Upande wa mashariki, karibu na Loiyangalani, Waelmolo waliendelea kuvua kwa chusa na vyelezo vya magogo ya mikoma mpaka karne iliyopita. Kwa hiyo Machi 1888, Count Teleki na Ludwig von Höhnel walipofika na kuliita ziwa hilo Rudolf kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria, walikuwa wamechelewa kidogo. Jina Turkana lilirasimishwa mwaka 1975.

Nimeeleza asili hii kwa urefu kwa sababu ni nadra. Fungua simu yako sasa hivi utafute video za kuvua kwenye ziwa la jangwani. Utaona Wamarekani, boti zao zinang'aa, wako Nevada au Arizona, wanamfuata samaki wao mmoja maarufu ambaye hapa nitamwita besi. Watakufundisha mengi: maji yakipoa, besi hushuka chini na kuwa mzito, basi nawe burura chambo cha bandia polepole. Ukiwa kwenye ziwa usilolijua, anza na miamba na kingo. Ushauri si mbaya. Ule wa miamba nahodha wangu angeukubali. Ule wa baridi angeucheka, maana nyuzi tatu kaskazini mwa ikweta hakuna majira yanayomlaza samaki hivyo. Huko unasoma upepo.

Lakini wasichokwambia kwenye video ni kwamba besi naye si wa pale. Ziwa Mead limetengenezwa na bwawa la Hoover, lililozinduliwa mwaka 1935 katika Mto Colorado. Kabla ya hapo palikuwa na korongo na mto wenye matope. Besi ni samaki wa mashariki ya Marekani, alipandikizwa ili watu wapate mchezo. Samaki mkubwa wa asili wa mto ule alitoweka sehemu hizo. Ziwa la kutengeneza, samaki wa kuletwa, na mvuvi anayemrudisha majini baada ya kupiga picha.

Besi huyo huyo alishafika Kenya. Walowezi walikuwa na tabia ya kutazama maji ya Afrika na kuona pengo. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Uskoti ili mito ya Aberdare ifanane na mito ya kwao. Naivasha, ambako samaki pekee wa asili alikuwa kidagaa mdogo tu, walitia tilapia mwaka 1925. Kisha mwaka 1929 wakatia besi kutoka Marekani, kwa ajili ya mchezo wa ndoano. Yule kidagaa hajaonekana tena tangu 1962.

Shika mwaka huo, 1929. Mwaka huo huo Michael Graham, Mwingereza aliyetumwa kupima uvuvi wa Ziwa Victoria, alichapisha ripoti yake. Alionya waziwazi kwamba kumleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine kungekuwa hatari kubwa mno. Yaani onyo kuhusu ziwa letu lilitolewa mapema kabisa, likaandikwa, likapigwa chapa, likawekwa kabatini.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mjadala ukafufuka Uganda. Upande mmoja ulikuwa Idara ya Wanyamapori na Uvuvi. Hawa walitazama fulu, mamia ya aina za samaki wadogo wenye miiba waliojaa ziwani, wakaona takataka. Waliona kwamba mbuta angewala hao na kuwageuza kuwa nyama kubwa inayouzika, na juu ya hayo angekuwa samaki wa kupendeza mwisho wa ndoano ya mtalii. Upande wa pili walikuwa wanasayansi wa shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, lenye makao yake Jinja. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 akipinga kwa hoja rahisi: kila unapopanda ngazi moja ya ulaji unapoteza chakula. Ukimlisha mbuta kilo nyingi za fulu, hupati kilo nyingi za mbuta.

Walikuwa wakibishana juu ya mlango ambao tayari ulikuwa wazi. Inaaminika sasa kwamba mbuta wa kwanza walitiwa ziwani upande wa Jinja mwaka 1954, kimya kimya, na watu wa idara yenyewe. Mtumishi mmoja Mwafrika alisimulia miaka mingi baadaye jinsi alivyoifanya kazi hiyo kwa amri ya wakubwa wake. Mei 1960 mbuta akanaswa karibu na Jinja. Kwa kuwa alishaingia, serikali zikaona heri kumaliza kazi: mwaka 1962 na 1963 wakatiwa wengine rasmi, wengi wao kutoka Ziwa Albert hadi Entebbe.

Halafu kuna tukio dogo ambalo ndilo lililonipeleka Kalokol. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, samaki wachache ambao hata kumi hawakufika walichukuliwa kutoka ziwa la jangwani wakaachiliwa Kisumu. Sijui kama walidumu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mbuta wetu hasa ni uzao wa Albert. Lakini napenda kuwafikiria wale wachache: waliotoka kwenye maji ya magadi na upepo wa usiku, wakamwagwa Winam, mbele yao fulu wamejaa kama ugali sinia nzima na hakuna hata mmoja anayejua kukimbia.

Kwa miaka karibu ishirini mambo yalionekana shwari. Miaka ya 1980 mbuta akalipuka. Nyavu zilizokuwa zikileta fulu na ningu zikaanza kuraruliwa na samaki mwenye uzito wa mtoto. Watafiti wanakadiria kwamba karibu aina 200 za fulu zilitoweka, ingawa mbuta hakuwa peke yake: uchafu wa mashamba na miji nao uliyanyima maji hewa. Wakati huo huo fedha zikaingia. Upande wa Tanzania watu walimwita mkombozi, na hawakutania. Viwanda vikajengwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tukabaki na kichwa na uti wa mgongo, mgongo wazi, unaokaangwa kando ya barabara. Samaki aliyeletwa ili watu wa ziwa wapate nyama zaidi akawa samaki ambaye watu wa ziwa hununua mifupa yake. Na mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko kwa hofu ya sumu, ufukwe mzima ulijifunza kwamba bei ya jasho lake huamuliwa na watu wasiojua Kisegi iko wapi.

Siwezi kumlaani mbuta. Vitabu nilivyosomea vilinunuliwa kwa mgongo wake. Dani naye hamlaani, husema tu kwamba zamani mwanamke aliweza kushusha kikapu majini akapata mboga ya jioni bila kumwomba mtu mwenye mashua. Fulu walikuwa samaki wa pwani na wa vikapu. Mbuta ni samaki wa nyavu ndefu, injini na mtaji. Hapo ndipo mabadiliko yalipouma, na hakuna ripoti ya 1929 wala ya 1960 iliyoliuliza swali hilo: nani atamvua?

Nilidhani labda huko kwao, ambako mbuta ni mwenyeji, mambo yamekuwa tofauti. Wapi! Wilaya ya Turkana ilikuwa imefungwa, mtu wa nje haingii bila kibali. Serikali ya kikoloni iliiona kuwa mahali pa kumficha mtu: Kenyatta aliwekwa Lokitaung tangu 1953, kisha Lodwar kati ya 1959 na 1961. Mwaka 1961 njaa ilipoua mifugo, kambi ya msaada ikawekwa Ghuba ya Ferguson na wafugaji wakafundishwa nyavu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 wageni wenye fimbo za kuvulia wakawa wanatua ziwani kwa ndege ndogo, wanapiga picha na mbuta mrefu kuliko wao, wanarudi Nairobi. Kwa hiyo ufuo mmoja ulikuwa na samaki wa njaa na samaki wa mchezo, naye ni yule yule.

Kisha ikaja ndoto kubwa. Mwaka 1981, Norway ilikamilisha kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol. Jengo lilikuwa zuri, fedha zilikuwa nyingi, nia ilikuwa njema. Kugandisha minofu jangwani kunahitaji umeme na maji safi, navyo ndivyo hasa jangwa halina. Mashine zilifanya kazi siku chache tu zikazimwa. Miaka hiyo hiyo ziwa likarudi nyuma na Ghuba ya Ferguson ikakauka. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway kwa sababu za kisiasa, wafadhili wakaondoka. Nahodha wangu alipita kando ya jengo lile kama mtu anavyopita kando ya mti. Samaki wake hukaushwa kwa chumvi na jua, vitu viwili ambavyo jangwa halijawahi kukosa.

Leo mwenyeji huyu naye hana uhakika na nyumba yake. Bwawa la Gibe III kwenye Mto Omo lilizinduliwa mwaka 2016, na 2018 UNESCO ikaziweka hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Usidhani ziwa limekauka. Miaka ya karibuni limepanda hata likameza nyumba na barabara. Wasiwasi ni mafuriko ya kila mwaka ya Omo, ambayo huleta rutuba na kuwaashiria samaki kwamba wakati wa kuzaa umefika. Mto ukifunguliwa na kufungwa kama bomba, ishara hiyo hufifia.

Na kwetu? Mbuta wamepungua na kudogoka. Kando ya pwani ya Homa Bay vizimba vya kufugia ngege vimeongezeka, maboya yamepangwa kwa mistari kama maskani mapya. Yawezekana ni jambo jema. Ngege wa vizimba analisha watu, na hili si andiko la kumkataa kila mgeni, maana mimi mwenyewe nimeshiba wageni. Lakini tofauti moja ipo kati ya sasa na 1954. Tangu 2007 kuna kanuni zinazowapa watu wa ufukwe kamati zao za kusimamia uvuvi, na tangu 2010 katiba inadai wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo huitwa asubuhi, wakati vijana wengi wa Kisegi wako Nairobi au wamelala baada ya kukesha na omena, na wanaobaki kwenye viti ni wale wale.

Mimi nimeanza kuuliza tarehe zake. Ukiwa na pwani yako, iwe Sindo, Mbita au Kalokol, uliza tarehe zako. Halafu nenda na maswali ya dani: samaki huyu katoka maji gani, atakula nini, nani ana chombo cha kumvua, na minofu itapanda ndege kwenda wapi? Mwaka 1929 kulikuwa na mtu mmoja aliyeuliza lile la pili. Yale mengine matatu bado yanangoja mtu ayataje mkutanoni, kwa sauti, kabla samaki hajamwagwa majini.